Kiti cha dereva cha Hilux singo kebini kinaumiza kiuno: niongeze sponji au nibadilishe kiti kizima?

Asali_Mbichi (Tabora)

Wakuu salaam. Naomba msaada kwa wanaojua viti vya pikapu.

Gari ni Toyota Hilux singo kebini ya dizeli. Dereva ana kiti chake, abiria wawili wana kile kirefu cha pembeni. Kazi yake ni Tabora mjini, Ulyankulu, Kaliua: kwenda tupu, kurudi na mzigo wa kilo 700 hadi 800. Njia za ndani ni vumbi na rasta (vijituta vinavyofuatana barabarani), na masika ni makorongo.

Hali ya kiti ni hii:

- Kikalio kimebonyea katikati, na upande wa mlangoni unagusa chuma.
- Kiegemeo kimesimama wima. Ukikilaza kidogo tu kinagonga ukuta wa nyuma wa kebini.
- Ukikanyaga breki kiti kizima kinasogea mbele kidogo, ukiachia kinarudi na mlio wa "ta".
- Kava ni ngozi ya bandia. Mchana inachoma, jasho halikauki.
- Baada ya saa moja na nusu paja la kulia linakufa ganzi na kiuno kinakaza.

Fundi sofa anataka kuweka sponji ya inchi 4 juu ya ya zamani. Gereji wanasema kiti kitolewe, kifungwe cha Toyota Noah. Lipi ni sahihi? Na kuna namna ya kupata mwegamo bila kukata ukuta wa kebini?

---

FundiGungu (Kigoma)

Mkuu, hizo inchi 4 zikatae. Ni sentimita 10, na zitakuletea matatizo matatu kwa mpigo. Kichwa kitakaribia paa, kwa hiyo kila tuta utaligonga. Magoti yatabadili pembe yake na pedali, na mguu utachoka zaidi ya sasa. La tatu ndilo baya kuliko yote: mkanda wa kiunoni, ambao unatakiwa kulala kwenye mifupa ya nyonga, utahamia tumboni. Siku ya ajali mkanda wa tumboni unaweza kupasua utumbo.

Kingine, sponji mpya ikiwekwa juu ya shimo inafuata shimo. Baada ya miezi michache unarudi ulipokuwa.

Anza chini, siyo juu. Kiti cha Hilux kina fremu ya chuma, halafu springi za waya uliopinda-pinda kama nyoka, halafu sponji ya kumiminwa, halafu kava. Dalili ya kugusa chuma upande wa mlangoni inajulikana kabisa. Gari la usukani kulia, dereva anaingia na kushuka akiburuta paja juu ya ukingo wa kulia, mara kumi au ishirini kwa siku. Sponji ya ukingo inasagika, kisha springi ya upande huo inachomoka kwenye ndoano yake au inakatika pale pale inapopinda. Nakuhakikishia ukifungua utakuta waya unaning'inia.

Kufungua kiti:

1. Ikiwa gari lako ni toleo lenye plagi ya rangi ya njano chini ya kiti, hiyo ni ya mifuko ya hewa au mkanda. Zima swichi, toa waya hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90 ndipo uchomoe plagi. Usiipime kwa taa ya majaribio.
2. Sogeza kiti nyuma kabisa, toa bolti mbili za mbele. Sogeza mbele kabisa, toa mbili za nyuma. Toyota nyingi zinachukua spana namba 14. Andika kila bolti imetoka wapi.
3. Kiti kikiwa nje, kigeuze. Kava limeshikwa na pete ndogo za waya zinazozunguka fito ya chuma ndani ya mfereji wa sponji. Zikate kwa plaizi, usivute kava kwa nguvu, mshono utaachia.
4. Inua sponji, tazama springi. Hesabu ndoano zote, kushoto na kulia.

Springi iliyochomoka inarudishwa na ndoano inafinywa. Iliyokatika inabadilishwa na nyingine kutoka kiti chakavu cha gari au sofa, mradi unene wa waya ulingane. Usikubali ichomelewe. Waya wa springi ni chuma kilichopikwa kiwe kigumu. Ukikipasha moto wa kuchomelea, pembeni mwa kiungo kinakuwa kikavu kama kioo na kitakatika hapo hapo.

Kisha kati ya springi na sponji weka gunia la katani, tabaka moja, livutwe na kushonewa kwenye fremu pande zote nne. Watu wanaliruka hili na ndilo linaloamua kiti kitadumu muda gani, kwa sababu bila gunia kila waya ni kisu kinachokata sponji kwa chini. Usitumie salfeti ya plastiki. Inateleza, inapiga kelele na haipitishi hewa.

Sponji ya zamani kama haijawa unga usiitupe. Imemiminwa kwa umbo la kiti, fundi sofa hawezi kulirudia hilo umbo kwa kisu. Kata shimo la mstatili pale mifupa ya makalio inapokaa, takriban sentimita 35 kwa 30, kina cha sentimita 4. Jaza kipande kigumu zaidi, gundisha kwa gundi ya fundi viatu pande zote mbili, iache ikauke hadi isishike kidole ndipo uvibananishe. Ukingo wa kulia uujenge upya vivyo hivyo. Juu ya vyote tabaka jembamba la sentimita 2 laini, basi. Kimo cha kiti kisipande zaidi ya sentimita 2 kuliko kilivyotoka kiwandani.

---

Asali_Mbichi (Tabora)

Shukrani fundi. Hicho kipande kigumu nakitambuaje dukani? Kila muuzaji anasema yake ni "hevi dyuti".

---

FundiGungu (Kigoma)

Ipime kwa mizani, usisikilize maneno. Omba kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa 10. Hiyo ni lita moja kamili, kwa hiyo gramu zake ndizo kilo kwa mita ya ujazo. Kikiwa gramu 16 au 18 hilo ni godoro la bei nafuu, litalala ndani ya muda mfupi. Kwa kikalio cha dereva tafuta gramu 35 hadi 40 au zaidi. Kama mizani ya dukani haisomi gramu chache, chukua kipande cha sentimita 20 kwa 20 kwa 10: hiyo ni lita 4, ya 35 itasoma gramu 140.

Ipo pia ile ya rangi mchanganyiko, mabaki ya sponji yaliyosagwa na kugandishwa pamoja. Ni nzito sana, mara nyingi inapita 60. Inafaa tabaka la chini kabisa, juu ya gunia. Isikae juu, utahisi umekalia ubao.

Ukimaliza, kipimo cha mwisho ni hiki: mtu akae, mwingine apitishe mkono chini ya kiti. Springi zishuke kidogo lakini zisiguse kitu chochote chini yake. Na aliyekaa akijirusha kidogo asifike mwisho. Ikibaki chini ya sentimita 2 au 3 za sponji chini ya mifupa, tuta la kwanza litaimaliza.

---

Kasulu_Juu

Fundi amemaliza habari ya kikalio. Mimi niseme kuhusu mlio wa "ta", kwa sababu huo ni suala la usalama, siyo starehe tu. Kiti kinachosogea wakati wa breki kina mambo mawili: bolti zimelegea au reli (njia za chuma ambazo kiti kinateleza juu yake) zimelika. Ukiwa nje ya gari shika sehemu ya juu ya kiegemeo, sukuma na kuvuta, mwenzako aweke kidole kwenye kila bolti. Bolti ikicheza, kaza. Ikiwa bolti zimetulia na reli ya juu inacheza juu ya ya chini, basi vile vibiringisho vya ndani vimekwisha au kufuli ya reli imeshika upande mmoja pekee. Hilo la upande mmoja linatokea sana: waya unaounganisha kufuli mbili unapinda, kulia kunafunga, kushoto kunabaki wazi.

Vumbi jekundu likichanganyika na grisi linakuwa kama msasa. Osha reli kwa mafuta ya taa na brashi ya meno, kausha, paka mafuta kidogo sana, futa yanayobaki. Watu wanajaza grisi wakidhani wanasaidia, kumbe wanatega vumbi. Reli iliyolika kweli inabadilishwa, haichomelewi wala kupigwa nyundo ibane.

Sasa mwegamo. Ukuta wa kebini hausogei, kwa hiyo pembe itafutwe kwenye kikalio. Inua bolti mbili za mbele kwa milimita 10 hadi 15, kiti kizima kitalala nyuma kidogo; kisogeze mbele kiasi ili kiegemeo kisiguse ukuta. Mapaja yatapata mahali pa kuegemea na nyonga zitarudi kwenye kiegemeo. Ganzi yako ya paja la kulia inaweza kuwa inatokana na hilo: mguu wa mafuta unakaa umenyooka, paja linaning'inia, uzito wote unakuwa kwenye ukingo wa mbele. Ila huo ukingo wa kulia uliobonyea hadi chuma nao unabana, ndiyo maana uanze na matengenezo ya FundiGungu kwanza.

Vya kuinulia viwe vya chuma kitupu, kipande cha milimita 40 kwa 40 chenye tundu la bolti katikati. Mbao hapana, mpira hapana, washa nyingi zilizopangwa kama sarafu hapana. Bolti mpya iwe ndefu kuliko ya zamani kwa unene ule ule ulioongeza, na kichwani isomeke 8.8 (daraja la uimara) au zaidi.

Hapa naomba usome mara mbili: bolti za M10 (kipenyo milimita 10) za Toyota kwa kawaida zina uzi wa 1.25, yaani milimita 1.25 kutoka jino hadi jino, na za madukani mengi ni 1.5. Zinafanana machoni. Ukiingiza ya 1.5 kwa nguvu unaharibu nati iliyochomelewa chini ya sakafu, na kuitoa hiyo ni kazi ya siku nzima. Nenda dukani na bolti ya zamani, zilaze uzi kwa uzi, zishikane bila mwanga kupita katikati. Wakati wa kufunga, izungushe kwa vidole angalau mara nne au tano kabla ya kugusa spana.

Usizidishe milimita 15. Ukizidisha, magoti yanapanda na kupiga usukani, na kukanyaga klachi hadi mwisho kunakuwa taabu.

---

Njia_ya_Uvinza

Nakubaliana na mafundi wote wawili, lakini naona mnatibu kiti wakati nusu ya tatizo liko chini ya gari. Kwenda tupu, kurudi na kilo 800: huyu ana gari lililojengewa mzigo, na nusu ya safari linatembea bila mzigo.

Tazama tairi kwanza kwa sababu ni bure. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko chenye namba mbili za nyuma, ya tupu na ya mzigo. Wengi wanajaza ya mzigo, au kuizidi, na kuiacha hivyo mwaka mzima. Tairi la gari tupu lenye upepo wa mzigo ni jiwe. Shusha hadi namba ya tupu unapoondoka mjini, pakia, halafu ongeza kabla ya kurudi. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri inatosha. Pima tairi zikiwa baridi, na usishuke chini ya kibandiko, joto litapasua ukuta wa tairi, tena kwenye jua la Tabora mchana.

Halafu hesabu springi za nyuma. Pikapu nyingi za kubeba tumbaku na mkaa zimeongezwa springi moja au mbili kila upande. Zinasaidia siku ya mzigo mkubwa tu. Kwa kilo 800, ambazo kwa kawaida ziko ndani ya uwezo wa kiwanda, ya ziada haina kazi, inakupiga mgongo. Kama yako imeongezwa na mzigo haupiti hapo, itoe. Kama haitoki, kilo 100 hadi 150 za mchanga kwenye mifuko, zikifungwa kwa mikanda juu ya mhimili wa nyuma au mbele yake kidogo, zinalainisha safari ya kwenda. Zisibaki huru, breki ya ghafla itazileta kwenye ukuta wa kebini. Na zishushe kabla ya kupakia.

Shokapu: tafuta mafuta yaliyoganda na vumbi kwenye mwili wake. Ikivuja imekufa. Kwenye rasta shokapu inafanya kazi bila kupumzika, inapata joto na kulegea, ndiyo maana gari linaanza safari vizuri na baada ya kilomita 40 linaruka. Mwisho angalia raba zinazobeba kebini juu ya chesisi. Zikipasuka, chuma kinagonga chuma, na hakuna sponji itakayozuia hilo.

Kwa nini naisisitiza hii? Mwili wa mtu aliyekaa, hasa uti wa mgongo, unatikisika zaidi kwenye mitetemo ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Kiti cha sponji nene na laini nacho hukuza mitetemo ya karibu mara 4 kwa sekunde badala ya kuipunguza. Kwa hiyo ukiongeza ulaini bila kutengeneza chini, unapata kiti kitamu kikiwa kimesimama na kibaya kikitembea. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya waliliwekea hilo sheria ya kazini mwaka 2002: mtetemo wa mwili mzima ukifika 0.5 m/s² kwa saa 8 mwajiri achukue hatua, na 1.15 ni kikomo.

---

Mwanga_Spea (Kigoma)

Kuhusu kiti cha Noah, inawezekana lakini nisingeanza nacho. Kabla ya kununua pima vitu vinne: umbali wa tundu la bolti kushoto hadi kulia, mbele hadi nyuma, kimo kutoka sakafu hadi juu ya kikalio, na upana wa mabega wa kiti. Singo kebini ni nyembamba, kiti kinene kitagusa mlango au kumbana abiria wa katikati. Mashimo hayatalingana, kwa hiyo utahitaji fremu ya kati ya bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, unene wa milimita 3, na hiyo peke yake inapandisha kiti sentimita 4.

Angalia pia kishikio cha mkanda. Kwenye magari mengi kimefungwa kwenye kiti chenyewe, siyo sakafuni. Maana yake fremu yako ya gereji ndiyo itakayobeba uzito wako siku ya kugonga. Fremu iliyofungwa kwenye bati la sakafu kwa bolti za tundu jipya, bila bamba la chuma upande wa chini, inang'oka. Ukipata kiti kamili cha Hilux ya toleo lile lile, dabo kebini au singo, mara nyingi kinakaa kwenye mashimo yake bila kuchomelea. Hicho nitakushauri ulipie.

Kama kuna kuchomelea kokote kwenye fremu ya kiti, kitolewe nje ya gari na kivuliwe sponji yote. Sponji inashika moto haraka na moshi wake ni sumu.

---

Kaliua_Mjini

Nyongeza kwa wasiopata springi: mikanda ya tyubu ya lori, upana sentimita 5, isukwe mtambuka kwenye fremu, kila mkanda uvutwe uzidi urefu wake kwa kama sehemu moja ya kumi. Inabeba vizuri.

---

FundiGungu (Kigoma)

@Kaliua_Mjini inabeba, ila ni ya kusubiria springi. Joto la kebini linakausha mpira, unalegea, na mikanda haivunjiki pamoja, kwa hiyo kiti kinainama upande mmoja pole pole na dereva anapinda kiuno bila kujua. Ukiitumia, ikague kila mwezi.

---

Mama_Mawese

Kava jamani, mbona mmelipita? Ngozi ya bandia haipitishi hewa. Kwa dereva wa kutwa, toa, shona kitambaa kizito cha pamba au kile cha viti vya basi chenye manyoya mafupi. Kishonwe kikibana, kava linalocheza linakunja mikunjo na mikunjo hiyo ndiyo inayokata mapaja. Kama kiti kina lebo ya mfuko wa hewa pembeni mwa kiegemeo, upande huo usifunikwe na mshono mzito. Sponji ikilowa masika usiifunike. Ivue, ikaushe kivulini penye upepo, la sivyo inaoza na kunuka.

Na mwili upangwe. Makalio yaguse kiegemeo kabisa. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti vipite vidole viwili au vitatu. Viganja vya mikono vifike juu ya usukani bila bega kuachia kiegemeo. Kiegemeo kikipata nyuzi 100 hadi 110 kutoka kikalio panatosha. Kwenye kiuno, usawa wa mkanda wa suruali, weka taulo lililokunjwa unene wa sentimita 3, lifungwe lisishuke. Pochi itoke mfuko wa nyuma wa suruali, inainua nyonga moja na kubana mshipa wa fahamu wa mguu. Kila saa mbili shuka, tembea dakika tano.

Ganzi ikiendelea hata siku usiyoendesha, au mguu ukikosa nguvu, nenda hospitali ya Kitete ukapimwe. Ganzi ikifika sehemu za siri au mkojo ukishindwa kuzuilika, nenda siku hiyo hiyo.

---

Asali_Mbichi (Tabora)

Nimewaelewa. Nitaanza na bolti na reli, halafu upepo wa tairi, halafu kiti kifunguliwe. Swali la mwisho: kiti kirefu cha abiria nacho kifanyiwe hivyo hivyo? Yule wa katikati analalamika kuliko wote.

---

Kasulu_Juu

Kikalio ndiyo, sponji na gunia vile vile. Lakini usiinue bolti za mbele za kile kirefu kabla hujajaribu gia zote na abiria wawili wakiwa wamekaa. Magoti ya wa katikati yakipanda, gia ya pili na ya nne zinagonga paja lake na hazitaingia kikamilifu. Kwa yule, kata sponji ya mbele ishuke sentimita 2 badala ya kuipandisha, na taulo la kiuno apate la kwake.